Milango ya Nyumba za Michezo

Msomaji, ukitoka Magadi alfajiri, kabla jua halijapiga juu ya magadi meupe ya ziwa, una safari ya kilomita mia moja na kitu mpaka Nairobi. Utapita Olorgesailie, ambako shoka za mawe za watu wa kale zingali zimelala zilipoachwa. Utapanda Kona Baridi, ambako upepo utakulazimisha kuvaa sweta uliyoikunja tangu nyumbani. Utashika njia ya Kiserian na Ongata Rongai, na hatimaye utajikuta katikati ya mji mkuu, kando ya barabara iitwayo Harry Thuku. Upande mmoja wa barabara hiyo ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Upande wa pili lipo jengo lisilo refu wala pana sana, ambalo mgeni aweza kulipita asiligeukie. Hilo ndilo Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza.

Nilisimama mbele ya jengo hilo siku moja pamoja na wanafunzi wangu. Kama ilivyo desturi ya walimu, sikuweza kusimama mahali pa sifa nisiseme neno, basi nikawaambia kwamba jumba lile lilifunguliwa mwezi wa Novemba 1952. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida si msemaji, akaniuliza: "Mwalimu, mwaka 1952 taifa lilikuwa lipi?"

Wenzake walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Kisha nikaona kwamba sina jibu. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Nyumba ilitangulia taifa kwa miaka kumi na moja. Nani aliijenga, na alikuwa akimjengea nani? Chuoni nilikosomea ualimu tulifundishwa sehemu za mchezo, na aina za wahusika, na namna ya kumtoa mwigizaji jukwaani bila kuwapa watazamaji kisogo. Lakini habari za nyumba zenyewe hazikuwa katika mtihani. Haya unayoyasoma ni jibu langu kwa yule msichana, limechelewa kidogo.

Tuanze na jambo ulijualo. Kwetu Kajiado, vijana wanapokutana kuimba na kurukaruka, hapana mlango. Waimbaji husimama, mmoja huongoza na wengine huitikia kwa sauti nzito, na atazamaye leo huenda kesho akawa ndani ya duara. Pwani nako, tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, watu wa Lamu na Mombasa walicheza beni: ngoma iliyochukua tarumbeta, gwaride na vyeo vya askari wa Kizungu, ikavigeuza kuwa mchezo wa mashindano kati ya mtaa na mtaa. Beni ilipita barabarani. Aliyekuwa na madirisha aliitazama kutoka dirishani, na asiyekuwa nayo aliifuata nyuma akiimba. Kwa hiyo usidhani kwamba watu wa nchi hizi walingoja kujengewa nyumba ndipo wajue kuigiza, kuimba na kuchekesha. Kilichokuja na wageni ni kuta, na mlango, na mtu wa kusimama mlangoni.

Mlango huo ulikuwa na historia yake huko ulikotoka. Mjini London, katikati ya karne ya kumi na tisa, wenye vilabu vya pombe waligundua kwamba mteja asikilizaye wimbo hunywa zaidi. Mwaka 1852 mmoja wao, Charles Morton, alifungua ukumbi mkubwa uliojengwa kando ya kilabu chake, ukaitwa Canterbury. Na watu wengine wakamwiga upesi. Ndipo yakaenea yale maonyesho ya mseto: mara mwimbaji, mara mchekeshaji, mara mtu wa mazingaombwe, mara wacheza dansi, na kila mmoja ana dakika zake chache kabla watazamaji hawajachoka. Yalikuwa maonyesho ya wafanyakazi. Serikali ya Uingereza haikuyapenda sana, wala haikuiachia michezo ya kuigiza ijiendee yenyewe. Kila mchezo ulioandikwa ilibidi kwanza usomwe na ofisi ya mkuu mmoja wa jumba la mfalme, naye angeweza kufuta maneno au kuukataza mchezo wote. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1968. Likumbuke jambo hili, maana litatufaa mbele. Wale waliotuletea jukwaa walituletea na leseni, na wao wenyewe kwao walikuwa chini ya leseni.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Kama ungalikuwapo miaka kumi na mitatu baadaye, ungaliona matope, ng'ombe wa kukokota magari, maduka ya mabati, na katikati ya hayo yote nyumba mpya yenye jina la fahari: Theatre Royal, yaani nyumba ya michezo ya kifalme. Mwaka ulikuwa 1912, na nyumba ilikuwa kwenye ile njia pana ambayo baadaye ikaitwa Delamere na leo yaitwa Kenyatta. Kulikuwa na walowezi wachache tu nchini, lakini mtu aliye mbali na kwao hutamani sana sauti za kwao. Mwaka huo huo wa 1912 serikali ya koloni ilitunga sheria ya kusimamia michezo ya jukwaani na picha za sinema. Nyumba na sheria yake zilizaliwa pamoja kama kurwa na doto.

Mtu asome habari za Theatre Royal ataona upesi kwamba haikuwa ya nyimbo na vichekesho peke yake. Walowezi hawakuwa na ukumbi mwingine mkubwa, kwa hiyo walipotaka kuishambulia serikali yao kwa maneno walikutana hapo. Mkutano uliovuma kuliko yote ulikuwa wa Septemba 1915. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha fika kwetu. Novemba ya mwaka uliotangulia jeshi la Waingereza lilikuwa limepiga Longido, ng'ambo ya mpaka wa Namanga, likashindwa, na askari wake walikuwa wamepitia katika nchi hii hii ya Kajiado. Siku ile ya Septemba Ewart Grogan, mlowezi mwenye ulimi mkali, alisimama mbele ya wenzake akawachoma kwa maneno mpaka wakadai kwamba kila Mzungu alazimishwe kutumikia vita. Sheria ya utumishi wa lazima ikatungwa mwaka ule ule.

Sasa tazama ajabu ya jambo hili. Waliopiga makofi ndani ya nyumba walikuwa wakijipa wajibu wao wenyewe. Lakini mzigo mzito wa vita hivyo uliwaangukia watu ambao hawakuwamo ukumbini, wala hawangaliruhusiwa kukaa kwenye viti vyake. Waafrika waliochukuliwa kuwa wapagazi walibeba unga, risasi na wagonjwa kutoka mpaka huu hadi kusini mwa Tanganyika, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa miwili ambayo huenda umeisikia: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Na walionusurika walirudi makwao na beni. Ngoma ile ya Pwani ilisafiri katika kambi za wapagazi na askari, ikaingia bara, ikafika mahali ambapo hapajapata kuonekana bahari. Theatre Royal yenyewe haikudumu kuwa nyumba ya michezo. Biashara ya sinema iliishinda ile ya jukwaa, kama ilivyotokea katika miji mingi ulimwenguni, na jengo likageuka kuwa sinema iliyoitwa Cameo.

Je, Waafrika wa Nairobi walistarehe wapi? Katika kumbi za mitaa waliyotengewa. Pumwani ulikuwa na ukumbi wake, na baada ya Vita Vikuu vya Pili mtaa wa Kaloleni ukapata wake. Kumbi hizi hazikuwa na viti vya mahameli. Zilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha ya juu, na sakafu hiyo ilibeba kila kitu: dansi Jumamosi, ndondi, mashindano ya kwaya, harusi, na mikutano ya siasa. Kaloleni watu walicheza usiku, na mchana walikusanyika kusikiliza viongozi wa siasa. Ukumbi ukapata sifa ya kuwa kama bunge la wasiokuwa na bunge. Napenda kukumbusha kwamba Theatre Royal nayo iliwafanyia walowezi kazi hiyo hiyo. Watu waliozoea kuimba pamoja mahali fulani hawapati taabu kubishana pamoja mahali pale pale.

Wanamuziki wa kumbi hizo wengi walipitia shule moja ya ajabu, nayo ni jeshi. Wakati wa vita vya pili serikali iliunda kikosi cha burudani ili kuwachangamsha askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa mpaka Burma. Kilikuwa kikosi cha maonyesho ya mseto kamili: magitaa, ngoma, nyimbo na vichekesho. Ndani yake alikuwamo Fundi Konde, kijana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye baada ya vita alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa wa kwanza wenye sifa nchini Kenya. Wengine wa kikosi kile waliunda bendi iliyoitwa Rhino Boys. Kwa hiyo babu yako alipocheza dansi katika miaka ya hamsini, huenda alicheza kwa mtindo uliopikwa kambini, kwa gharama ya Mfalme wa Uingereza, kwa nia ya kuwafanya askari wasikumbuke kwao.

Hapo ndipo tunapofika kwenye ile nyumba ya barabara ya Harry Thuku, na itanibidi nikae nayo kidogo.

Baada ya vita wakuu wa koloni waliona kwamba nchi imegawanyika mno kwa rangi. Hoteli, shule, hospitali, hata vyoo, vilikuwa vya Wazungu, vya Waasia na vya Waafrika. Baadhi yao walidhani kwamba sanaa ingeweza kuwakutanisha watu. Mwaka 1951 Kituo cha Utamaduni cha Kenya kikaundwa kwa sheria, na jumba la michezo likawa moyo wake. Richard Frost, aliyekuwa mjumbe wa kwanza wa Baraza la Uingereza katika Afrika ya Mashariki, aliandika baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1978 kwamba nia ilikuwa kupata mahali ambapo watu wa rangi zote wenye elimu na vyeo wangekutana. Yapime vizuri maneno hayo "elimu na vyeo". Kwa wakati wake wazo hilo lilikuwa na ujasiri, maana walowezi wengi hawakutaka kukutana na Mwafrika hata mwenye elimu na cheo. Lakini jumba lilijengwa mbali na mitaa waliyokaa Waafrika, na mtu wa Pumwani au Kaloleni alihitaji sababu njema sana ya kuonekana huko usiku.

Tena angalia tarehe. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana alitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Tarehe 6 Novemba, siku kumi na saba baadaye, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, Ralph Richardson, akafungua rasmi Jumba la Taifa. Nje kulikuwa na malori ya askari na amri za kutotembea usiku. Ndani kulikuwa na pazia jipya. Sisemi kwamba waliokuwa ndani walikuwa watu wabaya. Nasema tu kwamba siku ile, kama ungalimwuliza mmoja wao taifa lilikuwa lipi, angaliona swali lako si la adabu.

Kulikuwa na nyumba nyingine, nayo haikujidai kuwa ya taifa. Donovan Maule, mwigizaji Mwingereza, na mkewe Mollie walianzisha kundi lao Nairobi mwaka 1948, na mwaka 1958 wakapata jengo lao wenyewe katika barabara ya Bunge. Ilikuwa nyumba ya wanachama, na waigizaji wake wengi walitolewa Uingereza kwa mikataba. Usiku wa Jumamosi ungalidhani uko katika mji mdogo karibu na London. Kazi yao ilikuwa safi. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wasafiri huisha wasafiri wanaporudi kwao. Miaka ya sabini ilipofika mwisho nayo ikawa mwishoni, na kundi la Phoenix lililozaliwa mwaka 1983 ndilo lililorithi baadhi ya desturi zake.

Jumba la Taifa halikuweza kufa namna hiyo, maana jina lake lilikuwa likingoja wenyewe. Mwaka 1959 yakaanza mashindano ya michezo ya shule, yale ambayo wewe na mimi twayajua kwa makelele ya mabasi na rangi za usoni. Mwanzoni yalikuwa hasa ya shule za Wazungu na ya michezo ya Kiingereza, na waamuzi walisikiliza matamshi kuliko kisa. Hata hivyo kidogo kidogo shule za Waafrika ziliingia, na pamoja nazo zikaingia lugha zao, nyimbo zao na kicheko chao. Uhuru ulipokuja, jumba likabaki na uongozi ule ule na mazoea yale yale kwa muda mrefu kuliko ambavyo ungalitazamia. Bendera ilibadilishwa usiku mmoja. Ratiba ya maonyesho haikubadilishwa upesi hivyo.

Mzozo ulipasuka mwaka 1976. Kenya ilikuwa ikitayarisha michezo miwili ya kupeleka Lagos kwenye tamasha kuu la sanaa za watu weusi la mwaka 1977. Mmoja ulikuwa Mzalendo Kimathi, ulioandikwa na Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Wa pili ulikuwa Usaliti Mjini wa Francis Imbuga. Watayarishaji walitaka kuionyesha kwanza nyumbani, tena katika Jumba la Taifa, mwezi ambao wajumbe wa UNESCO kutoka ulimwengu mzima walikuwa wakikutanika Nairobi. Wakaambiwa kwamba nafasi zimekwisha tolewa. Zilikuwa zimetolewa kwa wacheza dansi vijana kutoka Ufaransa, na kwa mchezo wa Kimarekani wa nyimbo na vichekesho, ulioonyeshwa kwanza New York mwaka 1962, wenye kisa cha watumwa na mabwana wa Roma ya kale. Michezo ya Kenya ikapewa siku nne nne.

Mimi sina ugomvi na mchezo wa Roma ya kale. Ni mchezo wa kuchekesha, na nyimbo zake zimetungwa na fundi hodari. Hata mabwana wa London na New York walioupenda hawakuwa na kosa. Jambo la kuuliza ni lile la yule msichana wangu: kama nyumba ni ya taifa, na siku ni za taifa, na wageni wamekuja kulitazama taifa, kwa nini wao waonyeshwe Roma?

Mzalendo Kimathi ulifunguliwa tarehe 20 Oktoba 1976, ambayo wakati huo iliitwa Siku ya Kenyatta, ukumbusho wa ile siku ya kukamatwa. Ukumbi huo hauchukui zaidi ya watu mia nne hivi, nao ulijaa. Na ulipofika wimbo wa mwisho, watazamaji hawakuketi. Waliinuka wakaimba pamoja na waigizaji, wakashuka nao, wakapita mlangoni wakicheza, mpaka barabarani.

Simama hapo kidogo, msomaji, katika barabara ile. Tarehe 16 Machi 1922 umati mkubwa wa watu ulikusanyika karibu na mahali hapo kudai Harry Thuku afunguliwe kutoka katika kituo cha polisi. Waliimba, wakaomba, na wanawake wakawachokoza wanaume kwa maneno makali. Askari wakapiga risasi, na yasemekana kwamba Wazungu waliokuwa katika baraza ya Norfolk nao walipiga. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mwanamke aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye alikuwa mbele. Kwa hiyo wale waliotoka jumbani wakicheza usiku wa 1976 walikanyaga barabara iliyokwisha kusikia nyimbo, tena ikasikia na bunduki. Sidhani kwamba wote walilifikiria jambo hilo. Lakini baadhi yao walilijua.

Mwaka uliofuata jambo kubwa zaidi lilitendeka, wala si Nairobi. Kamirithu ni kijiji cha Limuru, kilichokusanywa na serikali ya koloni wakati wa hali ya hatari ili watu walindwe wasiwasaidie wapiganaji wa msituni. Watu wake walikuwa vibarua wa mashamba ya majani ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na wakulima wa vipande vidogo vya ardhi. Walikuwa na kituo chao cha elimu ya watu wazima. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii wakaandika kwa Kikuyu mchezo uitwao Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, na wanakijiji wakausahihisha katika mazoezi: mzee akasema maneno haya si ya mzee, mama akasema wimbo huu haukuimbwa hivyo. Mazoezi yalifanywa hadharani. Aliyetaka kutazama alitazama, na aliyetaka kukosoa alikosoa.

Lakini ninalotaka ulione hasa ni nyumba yao. Hawakuwa na ukumbi, wakajenga. Waliunda kwanza mfano wake kwa njiti za kiberiti, kisha wakaujenga kwa miti na mikono yao wenyewe kwenye uwanja mtupu: jukwaa, na viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi, vya kuwatosha watu zaidi ya elfu mbili. Linganisha hesabu hizo. Jumba la Taifa, lililojengwa kwa fedha za serikali na za wafadhili, watu mia nne. Kamirithu, lililojengwa kwa jasho la vibarua, watu elfu mbili. Wala halikuwa na dari. Mvua iliponyesha watu walikimbilia pembeni, na ilipokoma walirudi mahali pao.

Mchezo ulianza Oktoba 1977. Watu walikuja kwa mabasi ya kukodi na kwa miguu. Ulidumu wiki chache tu. Tarehe 16 Novemba kibali kikaondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akafungwa mwaka mzima bila kushtakiwa. Hapa ndipo nilipokuomba uikumbuke ile sheria ya leseni. Serikali ya uhuru haikuhitaji kubuni chombo kipya cha kufunga mlango. Ilikikuta kikining'inia ukutani.

Mwaka 1982 watu wa Kamirithu wakajaribu tena. Safari hii walitengeneza mchezo wa nyimbo hasa, Maitu Njugira, yaani Mama Niimbie, wenye habari za kipande na kazi ya kulazimishwa katika siku za ukoloni, na ndani yake mliimbwa nyimbo za makabila mengi ya Kenya. Walikuwa waufungue Februari katika Jumba la Taifa. Walipofika, mlango ulikuwa na kufuli. Wakaenda Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo tu ya barabara, wakaendelea na mazoezi. Na maelfu ya watu wakayatazama mazoezi hayo, wamejaa mpaka madirishani na ngazini, kabla hayajakatazwa nayo. Mwezi wa Machi askari walikwenda Kamirithu, wakaibomoa ile nyumba ya wanakijiji mpaka chini.

Nimesoma wasomi wengi wakieleza maana ya kubomolewa huko. Mimi hunijia swali la mtu wa kawaida: ile miti ilikwenda wapi? Mtu aliyeikata miti, akaibeba begani, akaichimbia, akaikalia akicheka, kisha akaona ikivunjwa, anajua jambo moja kuhusu nyumba za michezo ambalo sikufundishwa chuoni.

Miaka ilipita. Siasa ilibadilika, na wenye kufuli walibadilika pia. Jumba la Taifa lilichakaa, kisha likatengenezwa upya na kufunguliwa tena Septemba 2015. Na mwezi wa Mei 2022, jukwaani mwa jumba hilo hilo lililotiwa kufuli mwaka 1982, ulionyeshwa mchezo wa Nitaolewa Nikipenda, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Watu walinunua tikiti, wakaketi, wakacheka mahali pa kucheka. Ngugi wa Mirii hakuwapo kuona, maana alifariki Zimbabwe mwaka 2008. Ngugi wa Thiong'o alikuwa mzee ughaibuni, naye akafariki Marekani mwezi wa Mei 2025.

Usije ukadhani kwamba mambo haya yamekwisha. Aprili ya mwaka huo wa 2025, katika mashindano ya taifa ya michezo ya shule yaliyofanyika Nakuru, wasichana wa Butere walikuja na mchezo uliokuwa umezuiwa, na mahakama ikaamuru uonyeshwe. Polisi walitupa mabomu ya kutoza machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, kisha wakaondoka bila kuuonyesha mchezo wao. Umri wao ni kama wako.

Yule mwanafunzi wangu nilimjibu hivi, kwa ufupi kuliko nilivyokujibu wewe: kwamba jina liliandikwa mlangoni kabla ya wenyewe kufika, na kwamba wenyewe walipofika iliwabidi kubisha hodi mara nyingi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetazamia jibu bora zaidi.

Sisi Magadi hatuna jumba. Mji wetu ulijengwa na kampuni ya magadi iliyoanza mwaka 1911, na reli ikafika mwaka 1915, na nyumba nyingi zilizojengwa hapa zilijengwa kwa ajili ya kazi. Tunapofanya mazoezi ya mchezo husukuma meza za chumba cha chakula mpaka ukutani, tukatundika blanketi mbili kuwa pazia. Joto la kwetu walijua wote waliopata kufika. Ukifunga mlango hakuna atakayeweza kusema mstari wa pili. Basi huuacha wazi. Jioni moja, tulipokuwa tukirudia sehemu ya harusi, niligeuka nikaona mlangoni wafanyakazi wanne wa kiwandani waliotoka zamu, na nyuma yao mzee mmoja na mbuzi wake. Mzee alitutazama mpaka mwisho wa sehemu ile. Kisha akasema kwamba bibi harusi haimbi hivyo, akaanza kutuonyesha.